Kanisa la Mkunazini: tuhifadhi mawe, tuhifadhi na ukweli wake



Kila unapozuka baina yetu mjadala wa utumwa, haupiti muda ila Kanisa la Mkunazini litatajwa. Mmoja atalitaja kuwa ndio ushahidi wa kila kitu. Mwengine atasema ni kiini macho cha Waingereza na wamisionari, kimewekwa pale ili kutuchafulia jina. Wa tatu ataingia na ukoo wa mtu, na hapo ndipo mazungumzo yanapokwisha na matusi yanapoanza. Nimekaa kimya muda mrefu nikisoma na kusikiliza. Leo naomba na mimi niseme.

Kwanza mnijue. Mimi ni nesi, nafanya kazi Uingereza, umri wangu ni wa miaka ya thelathini. Nimezaliwa na kukulia Mkunazini, na ni Muislamu. Skuli nilikwenda kwa kupita chini ya mnara wa kanisa lile, na nyumbani kwetu kengele yake na adhana ya alfajiri vyote vilikuwa sauti za mtaa, kama sauti za wauza mkate. Kwa hivyo simwombei mtu dini yake hapa, wala sipigi debe la chama. Nazungumzia jengo la mtaani kwetu, ambalo dunia nzima inakuja kulitazama, na sisi wenyewe tunaligombania bila ya kulijua.

Hoja yangu ni moja. Ukumbusho wowote una mambo mawili ya kuhifadhiwa: mawe yake na maelezo yake. Mawe yakianguka, jengo limekwisha. Maelezo yakitiwa chumvi, ukumbusho umekwisha hata kama jengo bado limesimama.

Tuanze na yale yanayojulikana.

Mwaka 1857 David Livingstone alitoa hotuba Cambridge akiwataka vijana wa vyuo vikuu vya Uingereza waje Afrika. Kutokana na hotuba hiyo ikaundwa misheni iliyojulikana kwa kifupi kama UMCA. Safari yao ya mwanzo, kule mto Shire katika nchi ambayo leo ni Malawi, ilikuwa maafa. Askofu wao wa kwanza, Charles Mackenzie, alifariki 1862 kwa homa. Aliyemfuata, Askofu Tozer, akaamua kuhamia Unguja mwaka 1864, na pamoja naye akaja Edward Steere, mtu aliyesomea sheria.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said alitia saini mkataba na Uingereza, akishikiwa shingo na balozi John Kirk na manuwari zilizokuwa zinatishiwa kuizingira Unguja. Mkataba ule ulipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari na ukafunga masoko yote ya watumwa katika milki yake. Soko kubwa la Unguja lilikuwa Mkunazini. Misheni ikapata kiwanja kile, sehemu kwa kununua na sehemu kwa kupewa na tajiri wa Kihindi, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo wa 1873 likawekwa jiwe la msingi. Yaani toka kufungwa soko mpaka kuanza kanisa haikutimia hata miezi saba.

Steere, aliyekuwa askofu kuanzia 1874, ndiye aliyesimamia ujenzi. Kanisa lilijengwa kwa mawe yetu ya matumbawe, madirisha yake yana ncha kama ya makanisa ya Ulaya lakini ukiangalia mapambo unaiona mikono ya mafundi wa pwani. Ajabu yake kubwa ni paa. Halina boriti. Ni duara moja refu, kama pipa lililopasuliwa kati na kufunikwa juu ya kuta, lililomiminwa kwa saruji na vipande vya matumbawe. Watu walitabiri kuwa litaanguka. Mpaka leo halijaanguka.

Steere alifariki 1882 na kaburi lake limo humo humo, nyuma ya altare. Mbele ya altare pana duara la marumaru lenye kuonyesha mahali ambapo inasimuliwa pakisimama mti wa kuchapia watumwa. Pana msalaba uliochongwa kwa mbao ya mti wa kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone alipofariki mwezi wa Mei 1873. Na karibu na mlango zipo nguzo ndogo zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu. Husimuliwa kuwa mafundi waliziweka hivyo wakati askofu hayupo, na aliporudi akaziacha.

Hizo nguzo ndizo ninazozipenda kuliko kitu chochote katika kanisa lile. Kama kisa chake ni sahihi, basi ni saini. Fundi ambaye hakuna aliyeandika jina lake ametuachia alama kuwa alikuwapo.

Na hapa ndipo linapoanza langu. Ukimuuliza mtu wa kawaida, awe mgeni au mwenyeji, nani yumo katika historia ya kanisa lile, atakutajia Livingstone, Kirk, Steere na Barghash. Wazungu watatu na Sultani mmoja. Wale ambao ukumbusho umewekwa kwa ajili yao hawana hata jina moja mdomoni mwake. Jee, hawakuwa na majina? Walikuwa nayo.

Alikuwapo James Chuma, Myao, aliyekamatwa utotoni akiwa njiani kuuzwa na akakombolewa 1861 na Livingstone pamoja na watu wa Askofu Mackenzie. Chuma na mwenzake Abdullah Susi ndio walioiongoza ile safari ya kuubeba mwili wa Livingstone kutoka Chitambo mpaka Bagamoyo, miezi kadhaa kwa miguu. Maiti ilizikwa Westminster Abbey, London, Aprili 1874. Jiwe la kaburi linasema kuwa aliletwa na mikono miaminifu kwa bara na bahari. Majina ya wenye mikono hayakuandikwa. Chuma alifariki Unguja 1882, mwaka ule ule aliofariki Steere. Susi naye alifia Unguja 1891.

Alikuwapo John Swedi, mmoja wa wale watoto watano waliotolewa jahazini ambao Sultani Majid aliwakabidhi Tozer mwaka 1864, na baadae akawa shemasi. Alikuwapo Cecil Majaliwa, mtoto aliyeokolewa utumwani, akasomeshwa, na mwaka 1890 akawa padri wa kwanza Mwafrika wa misheni ile. Na walikuwapo wanawake na watoto wa Mbweni, katika shamba lililonunuliwa 1871 kwa ajili ya walioachwa huru, ambapo walilima, walisoma na kuanza upya maisha, bila ya mama, bila ya baba, wengine bila ya kujua kijiji walichotoka kinaitwaje.

Tena tusisahau lugha. Steere alikichapisha kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870, pamoja na mkusanyiko wa hadithi za Unguja. Hadithi zile hakuzitunga yeye. Alizisikia kwa watu wa Unguja waliokaa wakamsimulia. Na mitambo yake ya kuchapisha iliendeshwa na vijana wale wale waliokombolewa. Leo sisi tunaojivunia Kiswahili sanifu kuwa msingi wake ni Kiunguja, ni wangapi tunaojua kuwa sehemu ya kazi hiyo ilipita mikononi mwa watoto waliouzwa?

Sasa tuje kwenye lile linaloniuma.

Miaka michache iliyopita mfanyakazi mwenzangu, Muingereza, alikwenda Unguja kwa mapumziko. Aliporudi alinionyesha picha katika simu yake wakati wa chai. Nyingi ni za pwani, lakini alinisimamisha kwenye picha za vile vyumba vya chini, jirani na kanisa, chini ya jengo la St Monica's. Akaniambia ameelezwa na mtembeza wageni kuwa humo watumwa walijazwa kwa makumi siku kadhaa kabla ya mnada, na maji ya bahari yalikuwa yakiingia kuosha uchafu. Kisha akaniuliza kwa upole, hakuwa na nia mbaya: "Babu zako walikuwa upande gani?"

Sikumlaumu. Kaulizwa nini na nani, yeye kaambiwa kaamini. Lakini tazameni tarehe. Soko la Mkunazini lilifungwa 1873. Jengo la St Monica's lilijengwa na misheni, kwa kazi za hospitali, mwishoni mwa karne ile ya 19, miaka mingi baada ya soko kufungwa. Ndio maana wanahistoria wamehoji kwa muda mrefu: vyumba vilivyo chini ya jengo la hospitali vimekuwaje magereza ya soko lililokufa kabla ya hospitali kujengwa? Wasafiri walioliona soko lenyewe waliandika habari za uwanja wa wazi, watu wamepangwa kwa mistari, wakikaguliwa meno na viungo mbele ya wapita njia. Wapo wanaojibu kuwa vyumba ni vya zamani na jengo lilipandishwa juu yake. Sawa, basi wathibitishe. Chokaa na mawe huchunguzwa, na michoro ya majengo ya misheni inatafutika. Mpaka hapo itakapothibitika, si haki kumwambia mgeni kuwa ni jambo la yakini.

Mwaka huo huo nilizungumza kwa simu na binamu yangu aliyeko Maskati. Yeye anaijua vizuri hoja hii ya tarehe, pengine kuliko mimi. Lakini sikilizeni alivyoitumia. Akaniambia: "Dada, umeona? Vile vyumba ni ghala ya hospitali. Uongo mtupu. Na hayo mengine yote ndio hivyo hivyo, yametungwa."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipofahamu ukubwa wa tatizo. Chumvi moja imewalisha watu wawili. Mmoja ameondoka akiamini kila Mzanzibari mwenye nywele za singa ni mjukuu wa muuza watu. Wa pili ameondoka akiamini hakuna mtu aliyeuzwa. Wote wawili wamelitumia shimo lile lile.

Tunapofundishwa uuguzi, kanuni ya mwanzo ya faili la mgonjwa ni kwamba lisiloandikwa halikufanyika. Ukimpa mgonjwa dawa na usiandike, kisheria hukumpa. Lakini ipo kanuni ya pili, na hii ndiyo inayowafukuzisha watu kazi: usiandike ambalo halikufanyika. Presha moja tu ya kubuni ikigunduliwa katika faili, hakuna daktari atakayeziamini hata zile kumi ulizozipima kweli. Faili zima limekufa, na anayeumia ni mgonjwa.

Kanisa la Mkunazini ni faili. Wagonjwa wake ni wale waliouzwa pale. Kwa miaka mingi majina yao hayakuandikwa, na hiyo ni kosa la kwanza. Tusiongeze la pili kwa kuwaandikia yasiyowapata, hali yaliyowapata kweli yanatosha na yamezidi.

Na yaliyowapata yana ushahidi ambao hauhitaji shimo. Binamu yangu nilimjibu hivi. Soko ambalo halikuwapo halifungwi kwa mkataba. Mwaka 1822 Seyyid Said alitia saini mkataba wa mwanzo na Waingereza wa kuzuia biashara ya watumwa kwa mataifa ya Kikristo. Mwaka 1845 akatia saini wa pili. Barghash akatia wa 1873. Mtu hatii saini mara tatu kuzuia kitu cha kutungwa. Forodha ya Unguja ilitoza ushuru kwa kila kichwa cha mtumwa kilichoingia, na makisio ya wanahistoria kwa miaka ya 1860 ni watu kati ya 15,000 na 20,000 kwa mwaka. Wengine walibaki kwenye mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, wengine wakapakiwa majahazini kuendelea kaskazini.

Tena kufungwa soko hakukuwa mwisho wa utumwa, na hili wanaopenda kuwasifu Waingereza hulipitia mbio. Baada ya 1873 mtu aliendelea kumilikiwa Unguja kihalali. Amri ya kuondoa hali ya utumwa kisheria ilikuja 1897, wakati nchi ishakuwa chini ya himaya ya Uingereza kwa miaka saba, na hata hiyo iliwaacha nje masuria mpaka 1909. Na walioachiwa huru walipaswa waende wenyewe mahakamani kudai. Wenye mashamba ndio waliolipwa fidia. Waliolima hawakulipwa.

Na kama tunataka kuhesabu nani alifaidika, basi tuhesabu wote. Wenye mashamba Waarabu, ndio. Waswahili na machifu wa bara waliokamata na kuuza, ndio. Matajiri wa Kihindi waliokodi forodha na kukopesha fedha za misafara, ndio. Wafaransa waliochukua watu Kilwa na Unguja kwenda mashamba ya miwa ya Mauritius na Réunion, ndio. Wamarekani walioleta nguo za merikani na kuondoka na pembe zilizobebwa vichwani na mabegani na wapagazi, wengine wao watumwa, ndio. Waingereza waliokula karafuu zile na sukari zile, ndio. Orodha ni ndefu kiasi kwamba hakuna hata mmoja wetu anayeweza kuichukua na kumpiga nayo jirani yake bila ya yeye mwenyewe kuumia.

Hili nalisema kwa sababu kwetu Zanzibar hesabu za asili ya mtu hazikubaki maneno tu. Mwaka 1964 watu waliuliwa kwa ajili ya hesabu hizo. Ndio maana wengine wanaogopa kulizungumza Kanisa la Mkunazini kabisa, na khofu yao naielewa. Lakini kidonda kinachofunikwa bila ya kusafishwa hakiponi. Kinanuka, na siku moja kinapasuka. Kidonda husafishwa kwa maji safi. Hakisafishwi kwa pilipili, na hakiachwi kwa sababu mgonjwa analia.

Sasa mawe. Majengo ya Mji Mkongwe, mji ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2000, adui yake mkubwa ni maji. Matumbawe na chokaa vinanyonya unyevu na kuutoa, mvua ikinyesha vinakunywa, jua likitoka vinapumua. Ukija ukazipaka kuta zile lipu ya saruji ili zipendeze haraka, umezifunga pumzi. Unyevu unabaki ndani, chumvi inatoka nje, lipu inabanduka vipande vipande na jiwe nyuma yake linakuwa unga. Ni kama kulifunga jeraha lenye majimaji kwa nailoni. Kwa nje safi, kwa ndani linaoza. Paa likivuja kidogo tu na likaachwa, habari ndio hiyo hiyo.

Tulikwishaonyeshwa. Tarehe 25 Disemba 2020, sehemu kubwa ya Beit al Ajaib, jumba la Barghash la 1883, iliporomoka wakati likiwa kwenye matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba lile lilikuwa likiugua miaka na miaka mbele ya macho yetu sote. Kila mtu alijua. Wengi wetu tulilia lilipoanguka, na kilio hakijengi.

Kwa upande wa Mkunazini, Mungu ajaalie, mambo yamekwenda vizuri zaidi. Mradi wa World Monuments Fund uliosaidiwa na Jumuiya ya Ulaya ulilifanyia matengenezo kanisa, na mwaka 2016 kikafunguliwa kituo cha urithi pale St Monica's chenye maonyesho ya historia ya utumwa. Nje ipo ile sanamu ya Clara Sörnäs, msanii wa Sweden, ya watu waliosimama ndani ya shimo na mnyororo shingoni, iliyowekwa miaka ya 1990. Nayasifu haya yote. Lakini fedha za wahisani hujenga mara moja. Kutunza ni kazi ya kila mwaka, kila masika, kila bomba la maji linaloziba.

Basi ninapendekeza mambo manne, na naomba mnijibu kwa hoja.

La kwanza, pale kwenye ngazi za kushukia vyumba vile, mgeni asome tarehe kabla ya kitu chochote: soko lilifungwa mwaka gani, jengo la juu lilijengwa lini, na kwamba matumizi ya vyumba yana ubishi. Kwa Kiswahili kwanza, kisha lugha nyengine. Haitopunguza wageni. Mtu mzima akiambiwa ukweli anakuheshimu.

La pili, watembeza wageni wafunzwe na wapewe mtihani wa historia kabla ya leseni. Najua kijana wa kazi hii anaishi kwa bakhshishi, na hadithi ya kutisha inalipa zaidi. Simlaumu yeye, naulaumu mfumo uliomwacha aokoteze historia barazani. Mpeni kisa cha Chuma, cha Majaliwa na cha nguzo zilizopinduliwa, muone kama mgeni hatotokwa na machozi bila ya kudanganywa.

La tatu, hesabu za kiingilio zibandikwe wazi kila mwaka: kimeingia nini, kimekwenda wapi, ngapi zimetumika kwenye paa na kuta. Hili si la kanisa hili tu. Kila jengo la historia linalotoza wageni Unguja na Pemba, la serikali, la msikiti, la kanisa au la mtu binafsi, lifanye hivyo.

La nne ni letu sisi tulioko nje. Kumbukumbu za UMCA, barua, ripoti na magazeti yao, zimehifadhiwa Oxford, katika maktaba ya Bodleian. Ni saa moja tu kwa treni kutoka London. Nyumbani nako ipo Nyaraka ya Taifa pale Kilimani. Humo yamo majina. Tunajua kuchangishana kwa misiba, kwa harusi na kwa timu za mpira, na ni jambo jema. Tuchangishane safari hii kuwatuma vijana wetu wawili watatu wanaosoma historia wakae humo wiki chache, watoe majina ya watu wa Mkunazini na Mbweni, mmoja mmoja, jina, umri, alipotoka kama limeandikwa. Yarudishwe Unguja, yaandikwe ukutani. Ukuta wa majina, badala ya shimo la dhana.

Najua nitaulizwa: wewe Muislamu, kanisa linakuhusu nini? Linanihusu kwa sababu wengi wa waliosimama kwenye uwanja ule kabla ya kanisa hawakuwa Wakristo wala Waislamu, walikuwa watoto wa watu. Linanihusu kwa sababu ni mtaa wangu. Na linanihusu kwa sababu dini yangu imenifundisha kuwa ushahidi ni amana, hata ukiwa dhidi ya nafsi yako au jamaa zako.

Na yule mwenzangu wa kazini aliyeniuliza babu zangu walikuwa upande gani, nilimjibu kuwa sijui kwa uhakika, na kwamba Unguja mtu mmoja anaweza kuwa na bibi aliyenunuliwa na babu aliyenunua, wote wamelala kaburini mbalimbali na damu yao inakwenda pamoja ndani ya mshipa mmoja. Alinyamaza kidogo, akasema hilo hakuambiwa. Nikamwambia, hilo ndilo alilotakiwa kuambiwa.

Naomba kuwasilisha. Wabillahi tawfiq.